Chokaa Haishiki Pale Langoni

3 Februari

Kwako mpwa wangu, kipa wa makipa,

Salamu zangu ni nzito, zidake kwa mikono miwili kama kona, usije ukazitema. Sisi huku wazima. Mama yako, dada yangu, mguu bado unamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana amenigombeza kwa habari ya ndoo mpaka chai ikapoa. Bibi yako sikio moja limefunga kabisa, na lile jingine linasikia yale linayoyapenda tu. Ukitaja mkate anageuka.

Kikaratasi chako cha kusema umefika kambini tumekipata kwa dereva wa lori la vifaa. Yule bwana ni mwaminifu, ila barua hukaa naye mpaka apate safari ya kuja huku, kwa hiyo usihesabu siku. Nimekisoma mwenyewe kwa sauti, mbele ya majirani. Unajua mimi darasa la tano niliacha kwa hiari yangu. Mwalimu alilia, akasema, "Ukiondoka wewe, nitamfundisha nani?" Hayo tuyaache.

Mtaa mzima wanajua kwamba uko timu kubwa ya wanawake. Nimewaambia hiyo ni damu, mikono hiyo mirefu umeirithi ujombani. Mimi nilipokuwa namba tisa nilipiga mpira ukatoboa wavu, ukaruka ukuta, ukavunja kikombe cha muuza chai huko barabarani, na yule muuza chai akaja kunishukuru kwa kumchagua.

Mimi niko palepale uwanjani, na kamba yangu, vigingi vyangu na kopo langu lililotobolewa matundu. Kile kigari cha kuchorea mistari kiliharibika, nikawaambia wasinunue kingine. Mkono wangu na kopo la chokaa, hata fundi seremala hapati mstari kama ule. Na mwenye uwanja ni yuleyule mwenye timu yenu, Bwana Kiti. Timu yake ninyi, uwanja wake sisi, na ligi yenyewe yeye na matajiri wenzake wameigawana kama mkate. Umeshamwona? Utajua amefika pale kiti kitakapotangulia, kile chenye mito, kinachopandishwa jukwaani na watu wawili, maana makalio yake hayajuani na mbao.

Usimwogope. Kumbuka hadithi ya siku tulipoketi. Kumi na mmoja wote chini, kwenye duara la katikati, mimi mbele. Filimbi ikalia, kimya. Ikalia tena, kimya. Mwenye timu wa siku zile, baba yake huyu, akashuka jukwaani kwa miguu yake mwenyewe, akavua kofia, akavua viatu, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mjomba, shida nini?" Mtu mwenye magari ananiita mjomba! Nikamwambia, "Shida ni wewe." Ndipo tukapata maji ya kunywa wakati wa mapumziko, na mpaka leo wanaokunywa hawajui ni maji ya nani.

Wahenga wanasema wakipigana tembo zinaumia nyasi. Hawakuniuliza mimi bwana nyasi.

Kula, lala, daka.

Mjomba wako


1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Salamu nimezidaka, hata moja haikunitoka. Mpe Mama pole ya mguu, na Bibi mwambie nimesema mkate.

Naandika barua kwa sababu simu zetu ziko kabatini kwa meneja, tunapewa Jumapili, naye akiwa amesimama karibu. Barua hawajakumbuka kuzikataza. Nadhani hawaamini kwamba bado wako watu wanaoziandika.

Mwanzoni uliponisimulia ile hadithi, mwenye timu alivua kofia. Sasa amevua na viatu. Nikichelewa kurudi nyumbani nitamkuta uchi.

Nimepewa chumba cha mwisho kwenye korido, upande wa tangi la maji. Kitanda kizuri, godoro jipya. Ukutani, juu ya mto, pana alama za viganja viwili vyeusi. Mama Jezi, anayetufulia na kutugawia nguo, amenieleza. Ni vya kipa aliyekuwa kabla yangu, walimwita Sumaku kwa vile mpira ulivyomnasa mikononi. Kabla ya kila mechi alikuwa anaupiga ukuta akiwa amevaa glavu, pa, pa, ndipo anatoka. Glavu za kipa zina gundi, gundi ikashika vumbi. Wamepaka rangi ukuta ule tangu afe, wakapaka tena, na viganja vinarudi. Hiyo nimeielewa, gundi ni gundi.

Nisichokielewa ni mchana. Baada ya mazoezi tunapumzika, jua kali, bweni zima kimya, hata kuku wa mlinzi amelala. Nasikia pa, pa. Nikifungua macho hakuna kitu. Jirani yangu wa chumba cha pili naye amesikia, ila yeye anasema ni mimi.

Meneja anasema Sumaku aliteleza bafuni. Mama Jezi anasema bafuni ndiko alikofia, siko alikoanguka. Anasema alipigwa goti kichwani kwenye uwanja wako, lango la kaskazini, akamalizia mechi, wakarudi naye kwa basi, kesho yake wakamkuta.

Mjomba, hukuniambia. Ulikuwepo?

Mpwa wako


29 Machi

Kwako mpwa wangu,

Bila shaka barua hii itakukuta unakula vizuri. Huku mvua imenyesha mpaka vyura wameomba ruhusa ya kuingia ndani. Bibi yako amepata nguvu, ameamka ametaka achanwe nywele. Mama yako ameuza ile cherehani ya zamani kisha akaililia, ukimwandikia usiitaje.

Kuhusu sauti za mchana, mabweni ya zamani yana mabomba, na mabomba yana tabia zake. Mimi niliwahi kulala kwenye nyumba ambayo kila ukilala inakuita jina. Nikaiambia, "Kama unanidai, subiri foleni." Ikanyamaza mpaka leo. Wewe nawe isemeshe. Vitu kama hivyo vinapenda mtu mwenye maneno.

Umeniuliza kama nilikuwepo. Mimi huwapo kila siku, kama mlingoti. Mechi zinakuja, mechi zinapita, mtu atakumbuka ipi?

Ila nikusimulie kichekesho. Mstari wa lango la kaskazini umekuwa mkorofi. Nachora asubuhi, mweupe, umenyooka, ungeweza kutembea juu yake ukiwa na harusi yako. Nikirudi, pana pengo, karibu na mlingoti wa kushoto, urefu wa mtu aliyejikunja. Chokaa haiko. Haikumwagika, haikukanyagwa, haiko tu. Panya, bila shaka. Nimechimba, nimeweka mchanga, nimeweka udongo wa kichuguu, nimechora na kurudia. Meneja wa uwanja aliponiuliza nikamwambia ni mvua. Akasema, "Mvua gani inayonyesha mahali pamoja?" Nikamwambia ipo, nimeiona huko ujanani.

Wewe daka tu. Usiulize ulize mambo ya makipa waliopita. Kipa anatazama mbele.

Mjomba wako


11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Hamjambo nyumbani? Mguu wa Mama vipi?

Usishangae mwandiko ukiona unapanda mlima. Juzi nilipigwa kidogo, krosi, mimi nikaenda na mpira, mwenzangu akaja na kiwiko. Sikumbuki goli walilofunga, lakini wananiambia tulishinda. Daktari wa timu alinimulika tochi machoni, akageuka akatazama jukwaani, ndipo akaniambia niko sawa. Nahodha aliona vile alivyogeuka. Wote waliona.

Kwa hiyo tumekaa kikao, chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho cha mwisho na meneja hapendi kufika huku. Tumekubaliana tutaomba jambo moja tu. Daktari asiyelipwa na mwenye timu, na akisema mchezaji atoke, atoke, hata Bwana Kiti akipiga kelele.

Tulimpelekea ombi. Akaja kambini. Kiti kikatangulia, kama ulivyosema, wakakiweka katikati ya ukumbi wa kulia, nasi tukasimama ukutani kama vyombo.

"Binti zangu," akasema, "daktari ninaye. Nimewanyima nini? Chumba changu, chakula changu, jezi yangu. Ninyi ni nani bila jezi yangu?"

Nahodha akasema, "Na jezi ni nani bila sisi? Ivae wewe, mzee, tuone kama itakimbia."

Wako waliocheka. Yeye hakucheka. Akanitazama mimi. "Kipa, wewe ulipigwa juzi. Unaumwa?"

Mjomba, nilisema siumwi. Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe.

"Basi," akasema, "huyo hapo. Mzima. Fainali ni tarehe ishirini Julai. Asiyetaka kucheza asicheze, na asicheze tena popote. Karatasi zenu za kuhamia timu nyingine zinasainiwa na mkono huu." Akauinua mkono, tukauona.

Alipoondoka kila mtu alitazama chini. Ndipo nikawasimulia siku ulipoketi. Kofia, viatu, maji ya mapumziko. Niliisimulia vizuri kuliko wewe. Nahodha akaniuliza, "Na huyo namba tisa ni mjomba wako kabisa?" Nikasema kabisa. Wamekubali wote. Fainali filimbi ikilia, tutaketi.

Hamjambo nyumbani? Mguu wa Mama vipi?

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Usiketi.

Nimeanza na neno hilo kwa kuwa nimeandika salamu nikazichana, nikaandika tena nikazichana. Katika barua yako umeuliza mguu wa mama yako mwanzo na mwisho, kama mtu aliyesahau kwamba ameshabisha hodi. Nilimsomea mama yako mara moja tu, ile ya pili nikairuka.

Hadithi ni hadithi. Ilikuwa zamani, watu walikuwa wengine, mwenye timu alikuwa na aibu, siku hizi aibu haiuzwi madukani. Usiketi. Na usicheze pia. Jifanye mguu umeumia. Lala chini, shika goti, lia, watakutoa, utarudi nyumbani, tutajua la kufanya. Nitakufundisha kulia kwa goti, mimi ndiye niliyeanzisha ule mtindo.

Hapa hakuna jipya. Wiki iliyopita tulipata mgeni, mtu wa kazini tu. Alikunywa chai, akasifu chai. Nimepata kofia mpya, nzuri, imeandikwa mbele kwa uzi wa dhahabu, Mkuu wa Viwanja. Sijaivaa. Iko kwenye msumari.

Panya wa lango la kaskazini yuko palepale.

Jifanye mguu, nakuomba.

Mjomba wako


25 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniandikia mwenyewe, kwa hiyo najua mgeni aliketi kwenye kiti chako nawe ukasimama nyumbani kwako. Najua alisema, "Mshauri binti acheze, mjomba ndiye anayesikilizwa." Nawe hukunishauri nicheze. Hilo nimeliona. Kofia inakutosha?

Lipo lingine. Mama Jezi alikuwepo siku ya kuketi. Alikuwa msichana, akiuza maji getini. Anasema waliketi kweli, kwenye duara la katikati. Namba tisa alikuwa mrefu, mwenye pengo la jino, baadaye akawa dereva. Pembeni ya uwanja alikuwepo kijana mwembamba ameshika kopo la chokaa, mdomo wazi, hakuondoa macho pale katikati tangu mwanzo mpaka mwisho.

Anasema mwenye timu hakushuka. Aliagiza watu getini, yeyote mwenye miguu, wakapewa jezi, wakaambiwa wacheze kuwazunguka wale walioketi. Mechi ikachezwa hivyo. Mpira unapita juu ya vichwa vyao, watu wanawaruka kama mawe. Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa yule mwenye pengo.

Usiungame, Mjomba, wala usinieleze. Sitaki. Wenzangu sijawaambia. Nahodha anaisimulia hadithi yako bafuni, kwenye basi, kila mahali, na wale waoga kuliko wote wakiisikia wanakaa wima. Sasa wanasema mwenye timu alilia. Siwezi kuwanyang'anya, hawana kingine.

Kichwa changu kinakuja na kuondoka. Kuna siku naanza kufunga kiatu nakuta nimeshakivaa na kukivua. Mechi mbili nimecheza hivyo. Sauti ya mchana sasa naisikia karibu, kama iko upande huu wa ukuta.

Nataka kujua jambo moja. Sumaku alipoanguka, aliinuka mwenyewe au aliinuliwa? Nijibu kama mtu anayejibu.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Aliinuliwa.

Alianguka amejikunja, mguu mmoja ndani ya goli, mwili juu ya mstari wangu. Nilikuwa nyuma ya wavu na ndoo. Daktari aliinua mkono kuomba machela. Akashuka mtu aliyetumwa kutoka kwenye kiti, akamwambia neno sikioni, mkono ukashuka. Wanaume wawili wakamshika kwapani. Alikuwa anasema, "Nimelala kidogo tu, nimelala kidogo tu." Ubavu mzima mweupe kwa chokaa. Wakamwegemeza kwenye mlingoti wa kushoto, refa akapuliza. Akadaka mpira mmoja baada ya hapo. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Nyumbani hawajambo. Mama yako anakusalimu. Bibi amekuuliza kwa jina.

Mjomba wako


22 Julai

Shikamoo Mjomba,

Naandika haraka, Mama Jezi ataibeba ndani ya nguo chafu mpaka kwa dereva.

Tuliketi. Filimbi ikalia, kumi na mmoja chini. Nyasi zilikuwa na joto. Wapinzani walisimama, wakatutazama, kisha nao wakaenda pembeni. Uwanja uliojaa ukanyamaza mpaka nikasikia bendera. Nahodha akaninong'oneza, "Atashuka sasa." Alikuwa ametoa macho kwenye ngazi za jukwaa kama mtoto anayengoja zawadi. Mjomba, na mimi nilizitazama. Niliyejua, nilizitazama.

Hakushuka. Watu wawili walikibeba kiti, yeye akafuata nyuma.

Sasa tumefungiwa bwenini. Ametangaza kwamba fainali itachezwa upya Jumapili ijayo, safari hii uwanjani kwako, na jezi zetu watavaa wasichana wa kikosi cha pili. Kipa wao ni mdogo, ana miaka kumi na minane. Alikuja kuchukua glavu chumbani kwangu, akaviona vile viganja, akaniuliza ni vya nani. Nikamweleza. Akaniuliza, "Na mimi nitadakia lango lipi?"

Baadhi ya wenzangu wameshaanza kufungasha. Wakisikia mechi imechezwa, watainuka mmoja mmoja.

Siombi kitu. Nakueleza tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyetuketisha.

Mpwa wako


29 Julai

Mpwa wangu,

Sikuchora.

Magunia ya chokaa yalikuwepo, kamba ipo, vigingi vipo. Sikuficha kitu. Nilifika asubuhi kama kawaida, nikaiweka ndoo karibu na mlingoti wa kushoto, lango la kaskazini, nikaketi pale penye pengo. Basi.

Meneja wa uwanja akaja na viatu vyake vya kung'aa. "Chokaa" (ndilo wanaloniita), "Chokaa, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Umelewa?" Nikasema bado. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kuchora mistari si udaktari, akalichukua kopo mwenyewe. Boksi la kusini likatoka kama kiatu kilicholaliwa na mbwa. Duara la katikati lilianza vizuri, kisha likakataa kurudi lilikotoka. Watu walishajaa majukwaani, wakawa wanamshangilia kila akipinda. Refa akatembea juu ya ile michoro akasema, "Hii ni ramani ya wapi? Mimi sipulizi filimbi kwenye malisho."

Meneja alipofika kwangu alimwaga ndoo nzima mbele ya miguu yangu. Nyasi zikainywa. Nilikuwa natazama, naye alikuwa anatazama. Ilikuwa nyeupe, kisha ikawa haipo. Akaviangalia viganja vyake, akaiweka ndoo chini taratibu, akaenda zake, wala hakunigeukia.

Ndipo Bwana Kiti akashuka. Kwa miguu yake. Nakuambia kama ilivyokuwa, kofia hakuvua, viatu hakuvua. Mjomba hakuniita. Aliniita wewe.

"Wewe, chora."

Nikasema, "Hapa chokaa haishiki."

"Haishiki au hutaki?"

"Vyote, mzee. Hapa alianguka binti akalala kidogo, wewe ukatuma aamshwe."

Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilidhani atanipiga. Alikuwa anatazama chini, penye pengo, na akarudi hatua moja, kama mtu aliyekanyaga nguo ya mwenzake.

Yule kipa mdogo alikuwa amesimama ndani ya goli na glavu zake. Akaja akaketi kulia kwangu. Kisha akaja beki. Kisha wawili. Walikuja mmoja mmoja, jezi zenu zimewapwaya, mpaka nikawa siioni tena katikati ya uwanja.

Mechi haikuchezwa. Waliondoka na kiti wakasahau mto mmoja. Kazi sina. Kofia nilikuwa nimekuja nayo, nikaitundika juu ya mlingoti, nadhani bado iko.

Hii usiwasimulie wenzako. Hawataamini, kwa kuwa ni mimi.

Mjomba wako


18 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Wamesimuliwa tayari. Yule kipa mdogo alirudi nayo, na kwenye hadithi yake wewe una urefu wa mlingoti na sauti ya radi, na Bwana Kiti alivua viatu. Nimemwambia hapana, viatu hakuvua. Akanikatalia, "Dada, mimi nilikuwepo."

Hakuna aliyefungasha tena. Timu nyingine mbili zimesema nazo zitaketi. Wenye timu wakakutana, na sijui waliambiana nini, lakini wiki iliyopita alikuja daktari mgeni, mama mmoja mwenye begi chakavu, anayelipwa na mfuko usio na mkono wa mwenye timu. Nahodha alikuwa ameongeza sharti la pili bila kuniuliza, kwamba mchora mistari arudishwe kazini. Wamelikubali haraka kuliko la kwanza.

Daktari alitupima wote kwa zamu. Mimi alinipima muda mrefu. Hakutazama jukwaani, hakukuwa na jukwaa, tulikuwa jikoni. Akafunga begi, akanishika mkono. "Binti, wewe hutadaka tena."

Nilimwuliza, "Kwa mwezi mmoja?" Akasema, "Tena kabisa."

Kwa hiyo mtu wa kwanza kutolewa na daktari tuliyempigania ni mimi. Nahodha alilia kuliko mimi. Bado sijalia, naona kama ni habari ya mtu mwingine.

Ukuta umepakwa rangi tena juzi, kumwandalia kipa mdogo. Leo niliporudi kuchukua nguo zangu viganja viko vinne. Viwili ni vile vya zamani. Viwili viko juu kidogo, virefu, na gundi yake bado inanata. Niliweka mikono yangu juu yake, ikatosha. Sikumbuki kuvipiga. Jirani yangu ananitazama tu.

Nakuja na lori la vifaa. Niambie kitu kimoja kabla sijafika. Sasa unachora tena, mstari umeshika?

Mpwa wako


27 Agosti

Mpwa wangu,

Njoo. Kitanda chako kiko dirishani, mama yako amebadilisha shuka, kisha akazibadilisha tena. Bibi amesema nisikuulize habari za mpira, nami nimekubali, na unajua kwangu hilo ni jambo zito. Ukichoka kukaa ndani utanishikia ncha ya kamba. Kazi ya kamba haitaki mbio, inataka mtu wa kusimama mahali pake.

Nimerudishwa tangu Jumatatu. Mlingoti hadi mlingoti, bendera hadi bendera, nimechora.

Pale haukushika. Nimeacha kuulazimisha. Nikifika pale nainua kopo, napita juu, nashusha upande wa pili. Jana refa mgeni alilikagua lango, akaniita, akanionyesha pengo kwa kidole. "Mzee, hapa vipi?"

Nikamwambia, "Hapo pana mtu."

Akatazama chini, akalizunguka pengo.

Mjomba wako